Uchungu wa Mwana

Tak!

Nilikuwa nimeshazima taa. Sauti ilitoka upande wa dirishani, kavu na fupi, kama mtu aliyerusha kijiwe kwenye kioo. Nikajisemea ni mjusi. Mara tena: tak! Safari hii kitu kikabingirika sakafuni hadi kikagonga mguu wa kitanda.

Nikawasha taa, nikaikuta mbegu. Ndogo, ya kijivu, ina madoa ya kahawia, ngumu kama changarawe. Dirishani palikuwa na rundo la maganda ya lupini, mmea wa jamii ya kunde, zawadi ya rafiki yangu anayekusanya mimea ya mwituni. Nilikuwa nimeyaacha pale yakauke. Basi yalikuwa yamekauka: moja lilikuwa limepasuka pande mbili, na kila upande umejisokota kama parafujo.

Nyuzi za ganda la lupini zimelala kimshazari. Ganda likikauka, kila nusu hutaka kujisokota upande wake, ila mshono unazizuia. Mvutano unakua kimyakimya. Siku mshono unaposhindwa, nusu mbili zinafyatuka kwa pamoja na mbegu hurushwa mbali na mama yake.

Asubuhi niliziokota zote. Kisha, kwa sababu zisizoeleweka hata kwangu, nikaipasua moja kwa meno.

Uchungu haukuja papo hapo. Ulingoja kidogo, halafu ukatanda nyuma ya ulimi na kukaa huko. Nilitema, nikasukutua, nikapiga mswaki, nikasukutua tena. Ulipoisha mdomoni ukahamia kichwani, na kwa wiki kadhaa haukuniachia. Ni mama wa namna gani huyu, anayempakia mwanawe sumu kiasi hiki halafu anamtupa gizani?

## Haipikwi kwenye mbegu

Tunasema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo kama neno la huruma. Kwa lupini ni maelezo ya kikemia.

Mbegu haijitengenezei uchungu wake. Uchungu unapikwa kwenye majani, ndani ya kloroplasti, zile zile chembe za kijani zinazonasa mwanga wa jua. Malighafi ni lisini, asidi amino ambayo kila mmea unayo. Lupini huichukua lisini, huiondolea kaboni dioksidi, kisha huunganisha vipande vilivyobaki kuwa pete. Pete mbili zikishikana unapata lupinini. Pete nne, unapata spateini au lupanini. Ukoo mzima unaitwa alkaloidi za kwinolizidini. Kazi hiyo hutegemea mwanga, kwa hiyo hupanda mchana na kushuka usiku.

Kisha mzigo unasafirishwa. Mirija inayobeba sukari kutoka majanini ndiyo inayobeba na alkaloidi, kwenda kwenye shina, maua, maganda, na mwisho kwenye mbegu. Njiani kiasi kikubwa huwekwa kwenye ngozi ya nje ya shina na majani, pale hasa meno ya mdudu yanapoanzia. Lakini shehena kubwa ni ya mtoto. Katika lupini nyingi za mwituni, alkaloidi huweza kuzidi asilimia 2 ya uzito wa mbegu kavu.

Si kionjo tu. Alkaloidi hizi huvuruga mawasiliano ya neva: baadhi hung'ang'ania vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, baadhi huziba njia za sodiamu kwenye seli. Mtu akila kiasi cha kutosha, mdomo hukauka, macho huona ukungu, mboni hupanuka, moyo huenda mbio, kichwa huchanganyikiwa. Spateini hiyo hiyo iliwahi kuwa dawa hospitalini, ya kutuliza mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na ya kuongeza nguvu ya uchungu wa uzazi, kabla madaktari hawajaiacha kwa hatari zake.

Uchungu wa uzazi! Lugha yetu ilishayaweka hayo mawili kwenye neno moja.

Na kuna mwizi. Kidukari mmoja, *Macrosiphum albifrons*, amezoea kufyonza utomvu wa lupini chungu na kuiweka sumu mwilini mwake. Mbawakawa anayemla hulegea na kuzubaa kama mlevi. Mama amempikia mwanawe, mgeni amejipakulia njiani.

## Siku ya nne

Nilidhani ningeweza kuumaliza uchungu kwa maji.

Wazo si geni wala si langu. Alkaloidi hizi huyeyuka majini, na kwa maelfu ya miaka watu wa pande za Mediterania na wa milima ya Andes wamechemsha mbegu za lupini na kuziloweka siku nyingi, mara nyingi kwenye maji yanayotiririka, hadi zilike. Faida yake inaeleweka: lupini ina protini ya takriban theluthi ya uzito wake, na ile ya Andes, *Lupinus mutabilis*, hupita asilimia 40. (Mwenye mzio wa karanga asiisogelee kabla ya kuuliza daktari. Protini zao ni ndugu, na mwili wa mtu unaweza kuzifananisha.)

Basi nikagawa mbegu mafungu mawili. Moja nikaliweka kando. Jingine nikalichemsha, nikalimwagia maji mapya, nikayabadilisha asubuhi na jioni. Siku ya kwanza maji yalitoka ya manjano na povu. Siku ya pili manjano yalipungua. Siku ya tatu nilianza kujiona fundi.

Siku ya nne nikaigusisha mbegu ulimini. Ilikuwa chungu kidogo tu.

Hilo "kidogo tu" ndilo lililonishtua.

Maana kidogo ni kiasi gani? Australia, kwa mfano, imeweka kikomo cha miligramu 200 za alkaloidi kwa kilo ya mbegu zinazoliwa na watu. Ulimi wangu hauna mizani hiyo. Isitoshe, hizi hazikuwa mbegu za shambani zenye ukoo unaojulikana. Zilitoka mwituni, na hata rafiki yangu hakuwa amehakikisha ni za spishi gani. Jenasi ya *Lupinus* ina spishi zaidi ya 200, nyingi zikiwa za mabara ya Amerika na takriban dazeni tu za Mediterania na Afrika. Kila moja ina mchanganyiko wake wa alkaloidi, na si zote zinafanya kazi moja mwilini. Waliojua kuziloweka walikuwa wanaijua mbegu yao, na mikono yao ilikuwa na kumbukumbu ya vizazi. Mimi nilikuwa na bakuli na kiburi.

Nikazimwaga zote.

## Ndama asiyecheza tumboni

Baada ya hapo nilisoma kitu ambacho laiti ningekisoma kabla sijatia mbegu mdomoni.

Magharibi mwa Amerika Kaskazini, ng'ombe wanaochungwa kwenye nyanda zenye lupini za mwituni huzaa wakati mwingine ndama waliopinda. Miguu ya mbele imekunjika na haikunjuki, mgongo umejikunja, pengine kaakaa lina ufa. Mkosaji mkuu ni alkaloidi iitwayo anagirini. Kipindi cha hatari kimebanwa ajabu: kati ya siku ya 40 na ya 70 hivi ya mimba, wakati mwingine hadi kama ya 100. Ng'ombe akila lupini hiyo hiyo nje ya kipindi hicho, ndama huweza kuzaliwa mzima.

Nilitarajia kusoma kwamba sumu inaharibu mifupa. Sivyo. Sumu inamtuliza ndama. Kiumbe tumboni kinahitaji kucheza: kupiga teke, kujinyoosha, kukunja goti na kulikunjua, kwa sababu viungo hujiunda kwa kutumika. Akinyamaza wiki kadhaa, anakomaa katika mkao ule ule alionyamazia. Mama huweza kuonekana hana tatizo lolote, anacheua kama kawaida.

Niliifunga kompyuta.

Nilikuwa nimeanza kuipenda lupini, unaelewa. Nilikuwa nimeshamjengea picha ya mama shujaa anayemlinda mwanawe kwa uchungu. Na hapa kuna mama mwingine, mwenye kwato, ambaye mwanawe ndiye aliyelipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiliandikwa kisa cha California, cha mtoto wa binadamu aliyezaliwa na mikono iliyopinda, na mama yake wakati wa mimba alikuwa akinywa maziwa ya mbuzi waliochungwa penye lupini. Mbuzi hao nao walikuwa wamezaa watoto wenye kasoro. Ilishukiwa kwamba anagirini ilipitia kwenye maziwa.

Hapo ilinibidi nijirekebishe jambo jingine. Nilikuwa nikichanganya balaa hili na lupinosisi, ugonjwa wa ini ulioua kondoo wengi sana Ujerumani katika miaka ya 1870. Ule si wa alkaloidi kabisa. Unatokana na kuvu anayeota kwenye mabua ya lupini na kutoa sumu yake mwenyewe, hata pale ambapo lupini ni tamu. Kwa kesi hiyo mmea ulisingiziwa.

## Mbwamwitu aliyekuta boma limeshavunjwa

Kusingiziwa ni desturi yake. Jina lenyewe linatokana na *lupus*, mbwamwitu kwa Kilatini, na maelezo yanayorudiwa sana ni kwamba watu waliiona lupini imestawi kwenye udongo uliochoka wakahukumu kuwa ndiyo iliyoula.

Ni sawa na kumkuta daktari kila penye mgonjwa ukasema yeye ndiye maradhi.

Mzizi wa lupini una vinundu, na ndani ya vinundu wamo bakteria wa jenasi *Bradyrhizobium*, wanaobadilisha nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Ukikata kinundu kinachofanya kazi, ndani ni chekundu chekundu, kama nyama mbichi. Rangi hiyo ni ya protini iliyo ndugu wa hemoglobini ya damu yetu. Inaidhibiti oksijeni, maana kimeng'enya cha kunasa nitrojeni huharibika oksijeni ikizidi. Kwenye mikunde mingi vinundu vinaning'inia kama shanga, lakini kwenye lupini huweza kukua hadi kuuzunguka mzizi kama kola.

Fosforasi ina hila yake tofauti. Mimea mingi hushirikiana na kuvu wa udongoni ili kuipata. Lupini kwa kiasi kikubwa imeukataa ushirika huo. Lupini nyeupe, *Lupinus albus*, ikikosa fosforasi huotesha vishada vya vijizizi vifupi vilivyosongamana kama brashi ya kuoshea chupa, na kumwaga sitrati, chumvi ya asidi tunayoijua kwenye ndimu. Asidi hiyo huing'oa fosforasi iliyogandamana na kalsiamu, chuma au alumini. Mmea unalitafuna jiwe kwa ndimu!

Ndiyo maana tarehe 18 Mei 1980, mlima St. Helens wa Marekani ulipolipuka na kuifunika nchi kwa majivu na mawe ya volkeno, mmea uliokuja kuwa mtangulizi kwenye uwanda ule uliokufa ulikuwa lupini ndogo, *Lupinus lepidus*. Kutoka mimea michache sana vilienea viraka vizima. Kila mmea uliokufa uliacha nitrojeni, majani yake yalinasa vumbi na mbegu za wengine. Sehemu ninayoipenda zaidi husahaulika: viwavi walifika pia, wakaishambulia zaidi lupini iliyokuwa pembezoni, iliyotawanyika, kuliko ile iliyosongamana katikati. Uenezi ukapungua mwendo. Hata penye majivu matupu, aliyefika wa kwanza hakuachwa apumue.

## Miaka 10,000

Sasa niungame.

Nilipompigia rafiki yangu kumshukuru, nilimsimulia hadithi ambayo nimeisimulia kwa miaka. Kwamba huko Yukon, Kanada, mchimba madini alikuta mbegu za lupini ya aktiki ndani ya mashimo ya lemingi, vipanya wa nchi za baridi, chini kabisa kwenye udongo ulioganda tangu zama za barafu. Kwamba mwaka 1967 wanasayansi walitangaza kuwa mbegu hizo zina miaka 10,000 au zaidi, na walipozilowesha zikaota ndani ya saa 48. Kwamba mmoja wa miche hiyo ulitoa hata maua.

Kimya. Halafu akauliza: "Hiyo mbegu yenyewe waliipima umri, au walipima shimo?"

Swali la mtoto wa darasa la nne. Sikuwahi kulifikiria.

Nikaenda kutafuta. Mbegu hazikuwa zimepimwa. Umri wao ulikisiwa kutokana na mahali zilipokutwa. Mwaka 2009 watafiti wengine walizipima zile zile kwa kaboni ya mionzi, na zikasema ukweli wao: zilikuwa mbegu za karne ya 20, za miaka michache tu kabla ya kuokotwa. Ziliingia kwenye mashimo ya kale kama mpangaji mpya kwenye nyumba ya zamani.

Niliona aibu, kisha hasira kidogo, nadhani kwa sababu hadithi ilikuwa tamu mno. Na ilinasa kirahisi kwa kuwa nusu yake ni kweli. Ganda la mbegu ya lupini ni gumu, halipitishi maji, na linaweza kuilaza mbegu udongoni miaka na miaka. Nilikuwa nimeamini miaka 10,000 kwa sababu niliamini kwamba mbegu hulala.

## Mtu aliyetafuta utamu

Mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Ujerumani, Reinhold von Sengbusch alibuni njia ya haraka ya kupima alkaloidi, kisha akaanza kukagua lupini mmoja mmoja. Alipita zaidi ya mimea milioni moja. Alichokuwa anatafuta ni kilema: mmea uliozaliwa hauwezi kupika uchungu. Akaipata michache mno, na kutoka humo kukazaliwa lupini tamu.

Miongo kadhaa baadaye, Australia Magharibi, John Gladstones aliichukua lupini ya majani membamba na kuendeleza kazi. Alizipata chembe za urithi zinazozuia ganda kufyatuka. Ganda la mbegu nalo likalainishwa lipitishe maji. Aina yake ya kwanza tamu, Uniwhite, ilitoka mwaka 1967, mwaka ule ule wa tangazo la Yukon, na Australia ikaja kuwa mkulima mkubwa wa lupini duniani.

Hesabu alichonyang'anywa mmea. Uchungu. Mlio wa tak. Ugumu wa ganda. Vitu vitatu nilivyokutana navyo katika usiku mmoja na asubuhi yake, ndivyo hivyo hivyo vilivyopaswa kuondoka ili lupini iwe zao.

Siwalaumu hata chembe. Protini ile inalisha mifugo na watu, na shamba linapata nitrojeni. Lakini panda lupini tamu na chungu pamoja, bila uzio, uone sungura watakavyochagua. Wametazamwa wakifanya hivyo: tamu inaliwa hadi chini, chungu inabaki imesimama. Kazi aliyokuwa akiifanya mama kwa lisini na mwanga wa jua inabidi sasa ifanywe na uzio, dawa ya wadudu, na mtu wa kuamka usiku.

Na ikiachwa chungu ikapelekwa ugenini? Mwaka 1945 mkuu wa misitu wa Iceland, Hákon Bjarnason, alileta mbegu za lupini ya Alaska ili ziokoe ardhi iliyokuwa ikipeperushwa na upepo. Ziliiokoa. Kisha hazikusimama. Leo zambarau yake inafunika maeneo mapana, pamoja na yale yaliyokuwa na mimea midogo ya asili, na Waisilandi wanabishana kama familia inavyobishana juu ya mkwe. Nilitaka kuchagua upande. Kila nilipochagua, picha ya mchanga ule unaopeperuka ilinirudisha.

## Vyungu sita

Lile fungu nililoliweka kando nililipanda.

Mbegu sita, vyungu sita. (Ndiyo, chungu na chungu. Nilishalicheka peke yangu.) Tano nilizikwaruza kwa msasa, taratibu, mpaka kijivu cha ganda kikatoa weupe kidogo, kisha nikaziloweka usiku mmoja. Zilivimba mara mbili. Siku chache baadaye ziliota, zikiinua juu yale majani mawili ya kwanza, manene na ya kijani kibichi, ambayo ni mbegu yenyewe iliyofunguka. Humo bado mna mzigo wa mama. Mche huanza kuuvunjavunja taratibu na kutumia nitrojeni yake kujijenga, hadi majani mapya yashike zamu ya kupika. Kumbe sumu ilikuwa pia akiba ya chakula.

Majani ya kweli yamefuata, vidole vimetandazwa kama kiganja. Nikinyunyiza maji, tone moja linabaki katikati ya kila kiganja, duara kamili, halimwagiki hata nikisogeza chungu. Asubuhi moja nilikuta utelezi wa konokono umepita ukingoni mwa chungu cha tatu. Ulipanda, ukazunguka, ukashuka.

Mbegu ya sita sikuitia msasa. Niliifukia ilivyo, na ganda lake lote. Wiki ya saba sasa haijaonyesha kitu, na nikipekua udongo kwa kijiti naikuta palepale, ngumu, imetulia. Naendelea kuimwagilia. Ubavuni mwa chungu chake nimeandika tarehe niliyoipanda, kwa wino usiofutika, asije mtu baadaye akaukosea umri wake.